Bahari Haidaiwi

Nahodha atwekaye tanga Pemba akielekea Unguja ana yakini moja: Unguja itakuwapo atakapofika. Upepo waweza kumchelewesha, mkondo waweza kumtupa kando, lakini bandari haihami. Mtu apangaye safari ya kwenda kupanda mawimbi katika ufuko wa mchanga ulio wazi mbele ya Atlantiki hana yakini hiyo. Jina la ufuko analo, ramani anayo, na tiketi aweza kuinunua leo. Lakini kile anachokiendea, yaani wimbi lenyewe, hakijazaliwa. Na fungu la mchanga litakalolivunja wimbi hilo huenda leo likawa hapa, na mwezi ujao likawa mita mia mbili kusini, au lisiwepo kabisa.

Kwa asiyepata kuuona mchezo huu, kuueleza si kazi. Mtu hulala kifudifudi juu ya ubao, hupiga maji kwa mikono hata akaenda sambamba na wimbi lililoanza kusimama, kisha huinuka akateleza katika mteremko wake kabla halijaporomoka. Furaha yote ni sekunde kumi, pengine kumi na tano. Kwa ajili ya sekunde hizo watu huvuka mabara. Na kwa kuwa hulipa kabla ya kupewa, wengi hufika ufukoni na moyo wa mdai: nauli imelipwa, chumba kimelipwa, siku za likizo zimeombwa na kukubaliwa, basi bahari nayo na itoe. Hapo ndipo hatari inapoanzia, na hapo ndipo mpango wa safari unapopaswa kuanzia pia.

Watu wa visiwani wamezoea bahari yenye mwamba. Katika pwani ya mashariki ya Unguja mstari mweupe wa povu huonekana palepale alipouona babu, kwa sababu mwamba wa matumbawe hauondoki. Aliyejifunza mlango wa kupitia ngalawa ataurithisha kwa mwanawe. Ufuko wa mchanga mtupu ni kitabu kinachofutwa na kuandikwa upya kila tufani ipitapo. Elimu ya mwaka jana si uongo, lakini ni elimu ya mahali ambapo hapapo tena.

Na auchukue msafiri, kwa mfano, ufuko wa Hossegor, katika Landes, kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kutoka mlango wa Gironde hadi mlango wa mto Adour pwani imenyooka kama uzi, zaidi ya kilomita 200 za mchanga. Nyuma ya mchanga kuna matuta, na nyuma ya matuta kuna msitu wa misonobari. Mwaka 1905 mwandishi wa habari Maurice Martin aliipa pwani hiyo jina la Côte d'Argent, Pwani ya Fedha, na jina likashika. Ufuko umeelekea magharibi na kaskazini-magharibi, na huko kaskazini-magharibi hakuna kisiwa, hakuna rasi, hakuna mwamba wa kuukinga. Kila kitakachotumwa na bahari kuu kitafika mlangoni.

Tena Hossegor ina siri nyingine, nayo imo chini ya maji. Mbele ya Capbreton, mji jirani wa kusini, sakafu ya bahari imepasuka. Korongo liitwalo Gouf de Capbreton huanza mita mia chache tu kutoka ufukoni, likateremka kuelekea magharibi hata kupita kina cha mita 3,000. Kwa desturi wimbi likaribialo nchi kavu hukokotwa na sakafu na kupunguzwa mwendo. Juu ya korongo hakuna cha kulikokota. Sehemu hiyo hutangulia, zile za kando zikachelewa, na wimbi zima likapinda. Nguvu yake humwagika kandokando ya korongo. Ndiyo maana maji yaliyo mkabala na korongo huwa mapole zaidi, ilhali ufuko wa La Gravière, ulio kaskazini kidogo, hupokea mawimbi mazito ambayo huporomoka karibu mno na nchi kavu, hata mtazamaji akayasikia kwa nyayo kabla ya kuyasikia kwa masikio. Palipo na kilindi na mchanga mchache juu yake, hapo wimbi hujikunja kama jani la mgomba na kuacha tundu ndani yake. Hilo tundu ndilo walitafutalo.

Lakini tundu ni la mchanga, na mchanga wa nchi ile haukujua kutulia tangu zamani. Hata mto ulihama. Zamani Adour iliingia baharini Capbreton. Katika karne ya 14 ikakimbilia kaskazini, ikatafuta mlango Vieux-Boucau. Mwaka 1578 mhandisi Louis de Foix akaikatia mfereji na kuirudisha kusini, karibu na Bayonne. Ziwa la Hossegor, ambalo leo watoto hujifunzia kuogelea, limelala katika njia ya mto uliokwisha kuondoka.

Kaskazini kabisa mwa pwani hiyohiyo, huko Soulac, mchanga na bahari vimepokezana kazi. Katika karne ya 18 matuta yaliyokuwa yakisukumwa na upepo yalilifunika kanisa la kale la mji, likafukuliwa katika karne iliyofuata. Kuanzia mwisho wa karne hiyo ya 18 watu walipanda misonobari na majani ili kuyafunga matuta, na sheria ya mwaka 1857 ikaueneza msitu kwenye nyika za Landes. Watu wakadhani wamemaliza. Mwishoni mwa miaka ya 1960 likajengwa Soulac jengo la ghorofa liitwalo Le Signal, likiwa na karibu mita 200 za mchanga kati yake na maji. Tufani za majira ya baridi ya 2013 na 2014 ziliula ufuko. Wakaazi wakatolewa mwaka 2014, na mwaka 2023 jengo likabomolewa. Nyumba za watu, zilizonunuliwa kwa akiba za maisha, zilikuwa zimesimama juu ya ahadi ambayo mchanga haukuitoa. Mpanda mawimbi aendaye kwa siku kumi hana hasara ya namna hiyo, walakini somo ni moja.

Baada ya mchanga, msafiri huhesabu maji. Wimbi la Hossegor huzaliwa mbali, aghalabu katika dhoruba zipitazo kati ya Newfoundland na Iceland. Ukubwa wake hutegemea mambo matatu: nguvu ya upepo, muda wa kuvuma kwake, na upana wa eneo unalolivumia. Mawimbi yakishaachana na upepo uliyoyazaa, husafiri peke yake, yakijipanga kwa kadiri ya nafasi iliyo baina yake. Yale yapishanayo kwa sekunde 14 husafiri, kundi zima, kwa kiasi cha kilomita 39 kwa saa. Yakitoka umbali wa kilomita 2,000 yatafika baada ya siku mbili na saa chache. Yale ya sekunde 8 hayapati zaidi ya kilomita 22 kwa saa, na yatatumia karibu siku nne. Kwa hiyo marefu hutangulia. Asubuhi ambayo bahari yaonekana shwari, kisha baada ya kimya kirefu ikaja mistari mitatu mipana, ikavunjika, ikanyamaza, mwenyeji hujua kwamba wageni wako njiani.

Elimu hii ya kutabiri mawimbi haikubuniwa kwa ajili ya mchezo. Mwaka 1942 majeshi ya Washirika yalikuwa yakijiandaa kushuka katika pwani ya Atlantiki ya Moroko. Vyombo vya kuteremshia askari havikuweza kustahimili mawimbi makubwa ufukoni, na pwani ile wakati wa baridi mawimbi yake ni makubwa. Harald Sverdrup na Walter Munk, wanasayansi wa bahari kutoka taasisi ya Scripps, California, wakatunga njia ya kukadiria mawimbi kutokana na ramani za hali ya hewa, nayo ikatumika pia katika kushuka Normandy mwaka 1944. Nao pia walikuwa wakipanga safari ya kwenda katika ufuko wa Atlantiki ulio wazi, na swali lao lilikuwa lilelile la mpanda mawimbi: siku gani, saa gani, maji yakiwa wapi. Katika mchanga wa Capbreton bado yamelala maboma ya zege yaliyojengwa na Wajerumani. Yalijengwa juu ya tuta; tuta likaliwa, nayo yakashuka hadi majini. Vijana huyapaka rangi.

Miaka michache baada ya vita hiyo ubao ukafika. Kati ya 1956 na 1957 mwandishi wa filamu Peter Viertel alikuwapo Biarritz, kusini mwa Hossegor, kwa ajili ya filamu iliyotokana na riwaya ya Hemingway. Aliyaona mawimbi, akaagiza ubao kutoka California. Vijana wa mji wakatazama, kisha wakajifunza, na mchezo ukapanda polepole kuelekea kaskazini, hadi kwenye fuo za Landes ambazo wavuvi na waogaji walikuwa wakiziogopa.

Leo utabiri hupatikana kwenye simu, na hilo limemfanya msafiri ajione mjuzi. Utabiri wa siku tatu ni wa kuaminika. Wa siku saba ni wa kusikilizwa. Wa siku kumi na nne ni ngano. Nauli nafuu, kinyume chake, hupatikana miezi kabla. Basi mtu huwa na njia mbili. Aliye na pesa na asiye na mwajiri husubiri dhoruba ionekane kwenye ramani, kisha huruka. Asiye na hivyo hununua majira badala ya siku, yaani huchagua mwezi wenye heri nyingi na kujaza siku za kutosha ndani yake. Kwa Hossegor mwezi huo ni Septemba, au Oktoba: maji bado yana joto la kiangazi, kiasi cha nyuzi 20 mwezi Septemba, na dhoruba za kaskazini zimekwisha kuamka. Julai na Agosti mawimbi ni madogo na watu ni wengi. Januari nguvu ni nyingi kupita faida. Maji hushuka hadi nyuzi 12 au 13, na wimbi mara nyingi huanguka lote kwa pamoja kama ukuta, bila kuacha njia ya kupita. Siku nne za kwenda ni kamari. Siku kumi ni subira iliyolipiwa.

Kisha zipo saa za maji kujaa na kupwa. Katika kalenda za Kifaransa kila mzunguko wa maji hupewa namba kati ya 20 na 120. Msomaji wa pwani ataitambua bila ya mkalimani: 95 ni bamvua la wastani, 45 ni maji mafu. Siku za bamvua maji ya Hossegor hupanda na kushuka yapata mita 4; siku za maji mafu hayafikii mita 2. Fungu ambalo maji yakipwa huwa kavu, likajaa shakwe, saa sita baadaye huwa chini ya kina kirefu na wimbi likapita juu yake bila kuligundua. Baina ya hali hizo mbili ipo nafasi ya saa mbili, au chini ya hapo, ambapo fungu na wimbi hukubaliana. Nafasi hiyo husogea kila siku kiasi cha dakika 50. Upepo nao una zamu zake: asubuhi umande huvuma kutoka bara, ukalisimamisha wimbi na kulipiga pasi, mchana upepo wa bahari huamka, ukavuruga kila kitu. Mwenye hekima huweka kalenda ya maji juu ya meza, akatafuta siku ambazo nafasi ya fungu huangukia saa za umande. Katika siku kumi atapata nne, pengine tano. Hizo ndizo siku zake. Zilizosalia ni za kutazama.

Mizigo haihitaji maneno mengi. Mbao mbili, maana ufuko huu huvunja mbao. Vazi la mpira la milimita tatu. Kamba ya mguuni ya akiba. Kizito kuliko hivyo ni nafsi ya msafiri mwenyewe. Waswahili husema: usisafirie nyota ya mwenzio. Picha aliyoiona, ya mtu aliyesimama wima ndani ya tundu la La Gravière, ni picha ya nyota ya mwingine: ya aliyekulia pale, aliyelijua fungu lile tangu linaanza kujijenga, aliyeanguka mara mia juu ya mchanga ulio mgumu kama sakafu. Mgeni mwenye uwezo wa kati atapata heri zaidi akienda Les Estagnots, kaskazini kidogo, au akisubiri siku ndogo. Na popote atakapoingia, adabu ni ileile: aliye karibu zaidi na kilele ndiye mwenye haki ya wimbi, na mgeni hutangulia kusalimu kabla ya kutangulia kupanda.

Linalosalia ndilo zito kuliko yote. Mafungu ya pwani hii huchora baina yake na ufuko mabeseni marefu ya maji yaliyotulia. Kwa Kigaskoni huitwa baïnes, yaani mabeseni madogo. Mtu asiyejua huona povu kushoto, povu kulia, na katikati maji laini yasiyo na wimbi, akadhani ameonyeshwa mlango wa amani. Huo ndio mlango wa kutokea. Mawimbi humwaga maji ndani ya beseni, na maji yanapopwa hutafuta njia ya kurudi, yakatoka kwa kasi kupitia ufa ulio baina ya mafungu. Huwachukua waogaji hata siku za jua na mawimbi ya wastani, siku ambazo hakuna anayeogopa. Anayechukuliwa hufa si kwa mkondo, bali kwa kushindana nao: hupiga maji kuelekea ufukoni hadi pumzi zimwishie. Wajuao hufundisha kinyume cha silika. Aelee, anyoshe mkono kuomba msaada, aache achukuliwe; nje ya mafungu mkondo huchoka, na pembeni mawimbi humrudisha mtu. Mpanda mawimbi huutumia mkondo huohuo kama gari la kumfikisha nje bila jasho, na huo ndio mtihani wake, kwa kuwa kilicho gari kwake ni kaburi kwa muogaji anayemfuata nyuma akidhani kwamba anaonyeshwa njia.

Wakati wa kiangazi wako waokoaji. Tangu mwaka 2022 eneo la kuogelea lenye ulinzi nchini Ufaransa huwekewa bendera zenye rangi mbili, nyekundu juu na njano chini, na mwenye ubao hukaa nje ya eneo hilo. Lakini kiangazi kikipita vibanda vya waokoaji hufungwa, na Oktoba, mwezi wa mawimbi mazuri, mara nyingi ndio mwezi wa ufuko usio na mlinzi. Katika siku hizo aliye juu ya ubao huwa ndiye mwokoaji pekee aliye karibu. Hilo nalo ni sehemu ya mpango: kujua, kabla ya kuondoka nyumbani, namna ya kumlaza mtu mwingine juu ya ubao na kumrudisha.

Wengi hupanga namna ya kuingia majini, wachache hupanga namna ya kutoingia. Siku ya hatari si ile ya kwanza, ambayo mgeni bado ana woga na macho. Ni siku ya tisa kati ya kumi, baada ya siku tano za upepo mbaya, pesa zimekwisha, ndege ni kesho, na bahari ni kubwa kidogo kuliko kipimo chake. Siku hiyo kila alicholipa husimama nyuma yake kikimsukuma. Akili haimsaidii tena, maana akili ya mtu aliyekwisha kulipa hugeuka kuwa wakili wa hasara yake. Kinachoweza kumsaidia ni neno alilojipa akiwa mbali, ameketi, hana tamaa: kwamba wimbi likizidi kimo fulani hataingia, kwamba fungu asilolitazama kwa nusu saa hatalipanda, kwamba maji yanapopwa kwa kasi, siku ya bamvua, peke yake, jibu ni hapana, hata kama jua linawaka.

Aliyejipa neno hilo hukaa siku ya tisa juu ya tuta, mgongo kwenye misonobari, akayahesabu makundi ya mawimbi. Huona pale fungu linapoanzia na pale linapokatika. Huona wenyeji wawili wakiingia, wakisubiri, wakiacha mawimbi kumi yapite na kulichukua moja. Huona ufa wa beseni ukisogea kaskazini kadiri maji yanavyoshuka. Hakupanda kitu siku hiyo, na nauli hairudishwi. Jioni hufunga mbao, hukung'uta mchanga katika vazi, na kwenye kalenda ya maji ya mwaka ujao hutia alama, kwa penseli, katika asubuhi za Septemba ambazo umande na nafasi ya fungu huenda vikakutana.